Effie Alivyokisoma Kitabu cha Mgodi

Watu wa Port Carrick walikuwa wakisema kwamba kuna vitu viwili mjini kwao usivyoweza kuvikwepa: upepo wa Februari na ulimi wa Effie MacLellan. Upepo angalau ulikuwa na msimu wake.

Effie alikuwa na miaka sitini na tisa, mwembamba, miwani imefungwa uzi shingoni. Alipika katika jiko la shule kwa miaka thelathini, kisha akastaafu na kuanza kusoma kama mtu anayelipa kisasi. Vitabu vya zamani alishavimaliza ujanani. Alichotaka sasa ni riwaya mpya, za mwaka huu na mwaka jana, zile zenye majalada yanayong'aa na sifa za watu wengine mgongoni. Wanda, mkutubi wa mji, alimwekea kando kila kilichoingia. Akishasoma, Effie aliandika maoni yake katika gazeti la mji lililotoka kila Jumatano, ukurasa wa saba, chini ya matangazo ya vifo. Watu walisoma nani kafa, kisha wakateremka kuona Effie kamuua nani.

Hakumpamba mtu. Kuhusu riwaya moja iliyosifiwa Toronto nzima aliandika hivi: "Kurasa mia tatu na hamsini, mtu karudi kwao kuuza nyumba ya marehemu mama yake. Nilipofika katikati nilitaka kuinunua mwenyewe ili tumalize." Kuhusu nyingine: "Mwandishi anaogopa nukta kama paka anavyoogopa maji." Ya tatu ilikuwa na bibi kizee aliyetoa maneno ya hekima kila sura. Effie akaandika kwamba yeye mwenyewe ni bibi kizee, na wiki nzima neno la maana alilosema ni "fungeni mlango, baridi inaingia."

Lakini lipo kosa moja alilolichukia kuliko yote, na alilirudia mara nyingi. "Riwaya za siku hizi zinatuogopa wanawake," aliandika. "Mwanamume ataruhusiwa kuwa mwoga, mbinafsi, mjinga. Mwanamke akikosea, lazima awe ameponzwa na mtu. Nimepika na wanawake kumi na wawili chumba kimoja, visu mkononi. Msinidanganye."

Kitabu kikimpendeza, aliandika mistari miwili tu, na siku hiyo hiyo kiliazimwa.

Jirani yake alikuwa Bernadette Boudreau, mnene, mcheshi, mpishi wa keki za kanisa. Kila siku saa nne asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, akajimiminia chai.

"Umemtukana tena maskini wa watu," alisema asubuhi moja ya Januari, gazeti mkononi.

"Sijamtukana yeye. Nimekitukana kitabu."

"Kitabu ni mtoto wake, shoga."

"Basi angemfunza adabu kabla hajamtoa nje."

Bernadette akacheka mpaka chai ikamwagika. Urafiki wao ulikuwa wa tangu utotoni, lakini kilichoufunga fundo lisilofunguka ni mgodi. Alphonse wa Bernadette na Hughie wa Effie walikufa siku moja, katika shimo moja, asubuhi ya mwezi Mei, zamu ya usiku ikikaribia kutoka. Gesi ilishika moto, vumbi la makaa likashika moto wa gesi, wanaume kumi na mmoja hawakupanda juu. Sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Tume ya uchunguzi ilikaa miaka miwili, ikaandika kurasa elfu moja, ikailaumu kampuni. Hakuna bosi aliyefungwa hata siku moja. Majina ya marehemu yalichongwa kwenye jiwe kando ya kanisa. La Hughie lilikuwa la sita. Yeye ndiye aliyekuwa mpima gesi wa zamu ile, na watu walisema, maskini Hughie, aliwaambia mabosi wakapuuza.

Miaka minne kabla ya Januari ile alikuja mwandishi. Aliitwa Corinne Pashley, mtu wa Toronto, hajafika arobaini, akapanga chumba cha juu nyumbani kwa Effie kwa wiki sita za katikati ya baridi. Alisema anataka kuandika riwaya kuhusu mgodi, si huu hasa, mgodi wowote. Mji mzima ulimkaribisha chai na kumhadithia. Corinne alikuwa na kipaji ambacho watu wa Port Carrick hawana: alijua kunyamaza.

Siku moja theluji iliziba mlango, hakuna wa kuingia wala kutoka. Effie na Corinne walikaa jikoni wakimenya viazi. Effie akajikuta anasema. Kwenye mashine ya kukata makaa kulikuwa na kipima gesi. Gesi ikizidi, mashine huzimika yenyewe. Majira yale ya kuchipua ilizimika mara tano, mara sita kwa zamu moja. Msimamizi, mtu anayeitwa Strang, akamwambia Hughie: mashine ikizimika tena nitaleta mwingine mwenye akili. Hughie akavua glavu yake ya ngozi, akakivisha kipima gesi, akaifunga kwa waya. Mashine haikuzimika tena. Hughie mwenyewe alimwambia mkewe, siku tisa kabla ya moto.

Corinne aliendelea kumenya. Hakuuliza kitu. Effie naye hakumwambia asiandike. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumkataza, na jibu halikubadilika: alijua anazungumza na nani.

Kitabu kilifika maktaba mwanzoni mwa Machi. Kiliitwa *Vumbi la Ndani*. Wanda alimletea Effie nyumbani, kimefungwa kwenye mfuko, kama anayeleta keki. Chama cha wasomaji kingekizungumzia Alhamisi ya kwanza ya Aprili, saa nane mchana, na nakala saba zilikuwa zimeagizwa.

Effie alikisoma siku mbili. Mgodi ulipewa jina jingine, marehemu walikuwa kumi na watatu, mume aliitwa Dougal. Lakini jiko la rangi ya manjano lilikuwa jiko lake, na mwanamke mnene anayechekesha watu mazishini alikuwa Bernadette mtupu. Alisoma kalamu mkononi, akitafuta pa kuchoma, kama alivyozoea. Kurasa zikapita, kalamu haikugusa karatasi.

Kitabu kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililomkata maini. Sentensi fupi, hazijisikii. Hakuna aliyesema hekima. Wanawake wanaosubiri siku nne habari za waume zao katika ukumbi wa zimamoto hawakulia wala hawakukumbatiana. Walipanga viti, wakavipangua, wakagombana nani alale wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Dougal hakuwa mwovu, alikuwa mtu aliyechoka, anayemwogopa bosi wake na kuona haya kumwogopa. Effie alimsikia Hughie akikohoa ndani ya kurasa zile. Miaka kumi na mitano ya kusoma riwaya mpya, hajawahi kukutana na iliyo kweli kama hii.

Mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Pale Dougal anamwambia mkewe habari ya glavu. Mke anamshika mkono juu ya meza, macho yamejaa machozi, anamwambia: itoe, mume wangu, nakuomba, kazi zipo nyingine. Dougal anatikisa kichwa.

Effie alisoma ukurasa ule mara tatu. Siku ile, siku yenyewe, yeye alikuwa anapiga pasi. Hughie kasimama mlangoni, hajavua buti. Alipomaliza kusema, Effie alimjibu bila kuinua macho: "Neil anaanza chuo Septemba, Hughie. Usimchokoze Strang." Kisha akageuza shati upande wa pili.

Bernadette alisoma polepole, mdomo ukitembea. Wiki ya kwanza aliingia kila asubuhi akiwa na furaha ya harusi.

"Kaniandika mimi! Yule wa kumtania padri ni mimi!"

"Ni wewe."

"Ila kaninenepesha."

"Hakukunenepesha, Bernie."

"Mshenzi wewe."

Wiki ya pili aliingia, akakiweka kitabu mezani kifudifudi. Uso ulikuwa umemvimba.

"Hii ya glavu kaitoa wapi?"

Effie alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata. "Ni riwaya, Bernie."

"Najua ni riwaya. Lakini kila mtu anajua Dougal ni nani. Kamfanya Hughie muuaji! Hughie, aliyembeba Alphonse mgongoni ile siku alipovunjika mguu! Tulimpa chai yule mwanamke. Nilimpa shuka zangu."

"Ulimpa, ndiyo."

"Basi mwandikie. Una kalamu kama wembe, siku zote unawachana wasio na hatia. Leo yupo mwenye hatia, mchane."

Haikuwa Bernadette peke yake. Kwenye duka la ushirika wanaume walimshika Effie mkono kwa huruma. Padri alimwombea kwenye misa, bila kutaja kitabu. Mhariri alimpigia kumwambia wiki ile atampa ukurasa mzima, vifo vitahamia ukurasa wa nane. Mji mzima ulisimama nyuma ya Hughie MacLellan, na Effie alipita katikati ya upendo ule kama mtu anayepita katikati ya mbwa.

Jumapili mwanawe Neil alipiga simu kutoka Fort McMurray, Alberta, ambako alikuwa msimamizi kwenye mitambo ya mafuta. Nusu ya kambi yake walikuwa watu wa nyumbani.

"Mama, kuna jamaa hapa kantini kaniuliza kama ni kweli. Mbele ya watu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia arudie akiwa amesimama. Sikiliza. Nimezungumza na wakili. Ukiandika kwenye gazeti kwamba kasema uongo, wewe mjane, aliyekaa nyumbani kwako, tunaweza kumbana. Andika tu, Mama. Mistari mitatu."

"Umekisoma?"

"Siwezi kukishika mkononi."

"Kisome kwanza, Neil."

"Kwa nini nisome uongo juu ya baba yangu?"

Effie alihamishia simu sikio la pili. Akamwambia avae vizuri, huko baridi haijaisha.

Jumatatu alikaa mezani na karatasi. Aliandika: *Kitabu hiki ni uongo.* Akaitazama sentensi. Mwandiko ulikuwa wake, mnyoofu, wa shule ya masista. Alikuwa amenyamaza miaka ishirini na sita, na kunyamaza kuna pa kujificha. Mbele ya tume hakuna aliyemuuliza yeye, mpishi wa shule, kitu chochote. Lakini kuandika uongo kwa mkono wake, chini ya jina lake, hajawahi, hata juu ya riwaya mbovu ya mtu asiyemjua. Alijaribu sentensi ya pili. Haikuja. Saa sita mchana alimpigia mhariri akamwambia hataandika kitu mpaka chama kikutane.

Alhamisi ile chumba cha maktaba hakikutosha. Kwa kawaida huja wanawake wanane na mwalimu mmoja mstaafu. Siku ile walikuwa zaidi ya thelathini, wengine wamesimama na makoti yao, na wengi hawajawahi kushika riwaya tangu waache shule. Bernadette alileta sahani kubwa ya keki ya tende, akaiweka mezani, akakaa kiti cha karibu na Effie, bega kwa bega.

Wanda alisafisha koo. "Basi, jamani. Tuanze na Effie, kama kawaida yetu."

Effie alivaa miwani. Hakuwa na karatasi.

"Kitabu ni kizuri," alisema.

Watu walisubiri aendelee, wakidhani anamvuta samaki kabla ya kumpiga.

"Sijawahi kusoma kizuri kama hiki, cha mtu wa siku hizi. Hakijipendi. Kimeandika ule ukumbi wa zimamoto kama ulivyokuwa, na mtu aliyekuwemo akibisha aseme sasa hivi."

"Effie," Bernadette alinong'ona, "ingia kwenye glavu."

"Habari ya glavu ni kweli."

Nje lilipita gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, likasikika mpaka likapotea.

"Hughie alikifunika kipima gesi. Aliniambia mwenyewe. Strang alimtisha kazi, naye akafunika. Corinne hakutunga. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mtu nyuma alisema, "Mungu wangu." Mwalimu mstaafu alianza kusema jambo juu ya kampuni, kwamba kosa bado ni la kampuni, Effie akamnyamazisha kwa kiganja.

"Sijamaliza. Mmeniuliza maoni, nayatoa. Kitabu kina uongo mmoja. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, mke anamsihi mumewe aitoe. Anamlilia. Mimi sikumsihi. Nilimwambia Neil anaanza chuo, asimchokoze Strang. Nikaendelea kupiga pasi. Huyo mwanamke wa kitabuni ni mwema. Hakuwepo."

Bernadette alikuwa amegeuka mwili mzima. Uso wake uliozoea kucheka haukujua ukae vipi.

"Lini?"

"Siku tisa kabla."

"Siku tisa. Tulikuwa tunakunywa chai siku hizo."

"Kila siku."

"Ile Jumatano nilikuja nikakwambia Alphonse analalamika hewa ya chini nzito, hapati usingizi. Ukanijibu nini, Effie? Nikumbushe."

Effie alikumbuka. Hakuna siku aliyowahi kusahau.

"Nilikwambia atazoea."

Bernadette aliinuka. Alichukua sahani yake ya keki, haijakatwa hata kipande, akaibeba mikono miwili, na watu wakampisha mpaka mlangoni. Mmoja mmoja wakafuata. Rory Gillis, ambaye kaka yake alikuwa jina la tisa kwenye jiwe, alisimama mbele ya Effie akizungusha kofia.

"Ungekufa nalo tu, mama. Ungetuacha tulivyokuwa."

"Ndivyo nilivyopanga, Rory."

"Sasa?"

"Sasa mlinitaka niseme kitabu ni uongo."

Rory alivaa kofia akatoka. Walibaki Effie na Wanda, na viti thelathini. Wanda alianza kuvikunja akilia kimya kimya. Effie akamsaidia, kwa kuwa alikuwa anavikunja vibaya.

Port Carrick si mji wa kurusha mawe. Watu wake wanajua kukuacha. Mhariri alisema tumpumzishe Effie kwa sasa, na ukurasa wa saba ukajazwa matangazo ya matrekta. Jina lake halikuonekana kwenye zamu ya maua ya kanisani. Theluji ya mwisho ilianguka katikati ya Aprili, na jirani wa ng'ambo aliyekuwa akimsafishia njia kila mara alisahau, kisha akasahau tena. Saa nne asubuhi mlango wa nyuma haukufunguka. Wiki ya kwanza Effie aliendelea kutoa vikombe viwili. Wiki ya pili akaacha.

Corinne alipiga simu. Habari zilikuwa zimefika Toronto.

"Samahani, Effie. Sikujua ulimjibu nini. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Niliogopa kuuliza. Na nilitaka kukulinda."

"Ungekuwa na adabu ya kutosha ungenichoma, mwanangu. Kumlinda mwanamke wa kitabuni ni kumfukia. Mengine yote umeandika vizuri. Ule ukurasa unanuka."

Corinne alikaa kimya, kwa ile njia yake. Mara hii Effie hakuijaza ile nafasi. Aliweka simu chini.

Neil naye alipiga, siku mbili baada ya mkutano, mchana, saa za kazi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe. Ulikuwa na miaka kumi na minane."

"'Neil anaanza chuo.' Watu wananisomea hapa kama mstari wa Biblia. Chuo chenyewe nilikaa mwaka mmoja nikaacha, unakumbuka? Baada ya mazishi sikuweza. Wanaume kumi na mmoja, Mama, kwa mwaka mmoja wa chuo."

"Neil."

"Usiniite sasa hivi."

Simu yake ya kila Jumapili ilikoma.

Mwisho wa Aprili Bernadette alikuja. Alibisha mlango wa mbele, kama wanavyobisha wauza bima, na Effie alipofungua alimkuta amevaa koti la kanisani. Hakutaka kuingia.

"Nina swali moja."

"Uliza."

"Alphonse alijua? Kuhusu glavu. Alikuwa kwenye mashine ile ile. Alijua?"

Effie alimtazama machoni. "Sijui, Bernie."

"Hughie hakusema?"

"Hakusema nani alijua. Alisema amekifunika, basi."

"Hakusema 'nimekifunika, na Alphonse kanisaidia'? Hakusema 'Alphonse kanigombeza'? Hata neno?"

"Hata neno. Ningelijua ningekwambia."

"Ungeniambia." Bernadette alicheka, kicheko kidogo kisicho chake. "Tangu lini? Nilizika mume pamoja na wewe, Effie. Nililala kitandani kwako mwezi mzima, nikilia kwenye shingo yako, na wewe unajua. Leo unaniambia hujui, mimi nikuamini kwa lipi?"

"Huna la kuniamini nalo," Effie alisema. "Lakini sijui."

Bernadette aligeuka, akashuka ngazi akishika ukuta, maana chuma cha kushikia kilishaliwa na kutu. Wiki iliyofuata binti yake alikuja kutoka Moncton na gari la mizigo, akamhamisha na vyombo vyake. Kumbukumbu ya Mei ilisomwa bila yeye. Padri aliyataja majina yote kumi na moja kwa sauti moja, na Effie alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara. Alipotajwa Hughie hakuna aliyefanya lolote. Watu waliangalia viatu vyao.

Wanda peke yake hakumwacha. Kila Ijumaa alipita na vitabu viwili, vitatu, akaketi dakika kumi. Effie aliendelea kusoma, kwa sababu siku ni ndefu. Wanda akimuuliza kipi chema, alijibu kwa neno moja, kizuri au kibaya, bila utani. Sehemu ile ya kuchekesha ilikuwa imehama na mtu aliyekuwa akiicheka.

Julai, bila taarifa, Neil alisimamisha gari la kukodi mbele ya nyumba. Alikuwa amenenepa, mvi masikioni. Alimpa mama yake mkono badala ya kumkumbatia, kisha akaingia ndani, akatazama jiko, akatoka nje kutazama ngazi. Siku hiyo na siku iliyofuata alizibomoa ngazi zile na kuzijenga upya, mbao mpya, chuma kipya cha kushikia. Effie alimpelekea chakula nje: viazi, samaki wa chumvi, chai nzito. Alikula akiwa amekaa kwenye rundo la mbao. Walisema juu ya misumari, juu ya mvua, juu ya binti yake Neil aliyekuwa anajifunza kuendesha gari.

Asubuhi ya tatu aliingia na mkoba begani.

"Nimekisoma," alisema. "Kwenye ndege. Nilikisoma chote."

"Ukaonaje?"

"Yule ni Baba. Anavyovua kofia kabla ya kusema jambo baya. Nilikuwa nimemsahau hivyo." Alipangusa uso kwa mkono wote. "Nataka kukuuliza kitu, na usinipunguzie."

"Sitakupunguzia."

"Siku ile ungemwambia hapana, itoe. Kama yule wa kitabuni. Baba angekusikiliza?"

Effie aliweza kusema sijui. Lingekuwa jibu la heshima, na nusu ya dunia ingemwelewa. Alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake.

"Angenisikiliza," alisema. "Baba yako alikuwa ananisikiliza siku zote. Ndiyo sababu aliniambia."

Neil aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, tatu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. Kisha akashuka zile ngazi mpya, akaingia kwenye gari, akakaa muda mrefu mikono juu ya usukani kabla ya kuliwasha.